Ziwafikie Wafuatao

Kadi ya salamu ilikuwa kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani. Upande mmoja iliandikwa anwani ya redio, na pembeni pakaachwa nafasi ya stempu. Upande wa pili ulikuwa na mistari: jina la mtumaji, mahali anapoishi na sanduku lake la posta, chini yake neno "ziwafikie", likifuatwa na mistari ya majina, na mwisho kabisa mahali pa ujumbe, pafupi, pa kutosha methali moja au sentensi iliyokazwa sawasawa. Mtu aliinunua, akaijaza kwa kalamu ya wino, akaipeleka posta. Wiki zikapita. Kisha jioni moja, kati ya wimbo na wimbo, mtangazaji aliyeketi Dar es Salaam akalitaja jina lake, na mtu wa Newala, wa Bukoba na wa Mpwapwa wakalisikia kwa pamoja.

Habari za redio yetu zimekwisha kusimuliwa mara nyingi kwa upande wa studio. Watangazaji tunawajua: David Wakati, Paul Sozigwa, Julius Nyaisanga tuliyezoea kumwita Anko J. Bendi zilizorekodiwa katika studio za Radio Tanzania tunazijua, kuanzia NUTA Jazz hadi Tabora Jazz ya kwetu. Waliokaa upande wa pili wa redio, walionunua kadi na stempu kwa fedha zao na kuvijaza vipindi kwa majina yao, hawana sura vitabuni. Nimelelewa miongoni mwao. Baba yangu alikuwa fundi cherehani Tabora na mtuma salamu, mimi nikiwa mwandishi wa kadi zake tangu nilipojua kuumba herufi vizuri; baadaye nikatuma kwa jina langu mwenyewe. Redio ilianzisha vipindi vile kwa ajili ya burudani. Watumaji wakavigeuza kuwa undugu, wenye sheria zake, madeni yake na misiba yake, na redio yenyewe haikujua hata nusu ya yaliyokuwa yakiendelea.

Asili ya kadi naiona kwenye mkia wa barua. Aliyewahi kusoma barua za Kiswahili za zamani, ziwe za hati za Kiarabu au za Kirumi, anajua zilivyofungwa kwa orodha: nisalimie mama mkubwa, nisalimie bwana fulani na jamaa wote wa barazani, na ambaye sikumtaja asidhani nimemsahau. Barua ilisomwa kwa sauti mbele ya watu, maana wenye kujua kusoma walikuwa wachache, na kila aliyehudhuria alingojea jina lake. Aliyetajwa alitoka pale amenyooka. Aliyerukwa aliweza kubeba kinyongo hadi barua nyingine. Kadi ya salamu iliukata mkia huo wa barua na kuurusha hewani.

Na mazoea ya watu wasiojuana kwa sura kujuana kwa kalamu yalikuwapo kabla ya redio kuenea. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo, lililotoka kila mwezi. Lilikusudiwa kupeleka maagizo na mafunzo ya serikali kwa watu. Wasomaji wakalijaza mashairi. Aliye Tanga aliuliza kwa beti, aliye bara akamjibu mwezi mwingine, wa tatu akajitosa kuamua. Shaaban Robert ni mmoja wa waliopitia kurasa hizo. Washairi walipounda chama chao cha UKUTA mwaka 1959, wengi walikuwa wamekwisha kusomana magazetini miaka mingi. Nayataja haya kwa sababu kuna wanaodhani salamu za redio zilikuwa mchezo wa watu wasio na kazi. Zilitoka kwenye ukoo wa watu waliopenda neno lililopimwa na waliotamani kusikika na wenzao.

Redio yenyewe ilikuja kwa hatua. BBC ya London ilianza kutangaza kwa Kiswahili tarehe 27 Juni 1939. Nairobi ikafuata wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa vijana wa Afrika Mashariki walikuwa vitani Uhabeshi na baadaye Burma, na nyumbani watu walitaka kujua hali zao. Dar es Salaam ilipata kituo chake mwaka 1951. Kiliitwa Sauti ya Dar es Salaam, na jina lilisema kweli, maana sauti yenyewe haikufika mbali na mji. Baadaye kikawa shirika la utangazaji la Tanganyika nzima, na mwaka 1965, baada ya uhuru na muungano, kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Hiyo ndiyo redio ya utoto wangu.

Ya baba ilikuwa National. Kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilifungua kiwanda Dar es Salaam mwaka 1966, ikitengeneza redio na betri. Wenzetu wengine walikuwa na Philips zilizounganishwa Arusha. Redio ilikaa kwenye rafu, juu ya majora ya kaki na marekani, mahali ambapo mikono ya watoto haifiki, na waya wa antena ulitokea dirishani hadi kwenye mwembe. Banda la fundi cherehani ni mahali pa kungojea: huyu anangoja suruali ifupishwe, huyu anangoja kupimwa, yule hana nguo yoyote ya kushonwa ila anapenda kukaa. Wote walisikiliza. Siamini kama kuna kazi nyingine inayochukuana na redio kama ushonaji, maana mikono na macho vina shughuli, masikio yako huru.

Kusikiliza kwa pamoja kulipata hata kupangwa na serikali. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 nchini kote walikutana katika vikundi, wakiwa na redio na kitabu kidogo, kujifunza habari za malaria, kichocho, minyoo na kifua kikuu. Kikundi cha mtaa wetu kilikutana nje ya banda la baba. Redio ilishushwa kutoka rafuni, ikawekwa juu ya kigoda, na kipindi kilipokwisha kiongozi aliuliza maswali. Wakakubaliana vyoo, vikachimbwa. Nilikuwa mtoto, na nilichokiona ni watu wazima wakiizunguka redio na kuijibu, kana kwamba aliyemo ndani anawasikia. Sina shaka kwamba miaka ile iliwafundisha wengi kwamba redio ni kitu cha kujibiwa. Na njia nyepesi ya kuijibu, ambayo haikuhitaji kiongozi wala kitabu, ilikuwa kadi.

Baba alisoma chuo cha Kurani, akaandika hati za Kiarabu upesi na kwa uzuri. Herufi za Kirumi zilimchosha. Kwa hiyo baada ya swala ya isha aliniita, nikaketi kwenye mkeka na kadi juu ya kitabu cha shule, naye akasoma majina kutoka kwenye daftari lake. Daftari hilo aliliandika mwenyewe, kutoka kulia kwenda kushoto, Kiswahili kwa hati ya Kiarabu: kila aliyemtaja, tarehe, na kila aliyetajwa naye. Liligawanywa kama daftari la madeni la dukani, na madeni ndiyo yaliyokuwamo. Anayekutaja, nawe mtaje. Ukisikia jina lako limesomwa na mtu wa Songea usiyemfahamu, umeshakuwa na deni Songea. Ukikaa kimya mara ya pili na ya tatu, utaonekana mtu wa kiburi, na habari itaenea kwa njia hiyohiyo ya kadi, katika ujumbe wa mafumbo ambao wenyewe tu ndio watauelewa.

Majina yalikuwa na mpangilio. Wa kwanza walikuwa wazee, hata kama mzee mwenyewe hasikilizi redio. Kisha jamaa wa damu. Kisha wenzake wa hewani, na hapo ndipo fikra ilipohitajika, maana nafasi zilikuwa chache na watu wengi. Nani apishe nani? Baba aliweza kukaa na kadi moja jioni nzima kwa sababu ya jina moja la mwisho. Nilipokuwa mdogo niliona anapoteza muda. Leo naelewa kwamba alikuwa akipima haki, kazi aliyoifanya mchana kutwa kwa futi na chaki.

Karibu wote walikuwa na majina ya salamu. Wako waliojiita kwa mnyama mkali, wako waliojiita kwa mlima wa kwao au mto wa kwao, na wengi walijiita kwa kazi: mwashi, kuli wa bandari, mkulima wa tumbaku wa Urambo, dereva wa lori la pamba. Ukiyafuatilia vipindi kwa mwaka mmoja ulipata ramani ya nchi kwa kazi za watu wake. Baba alijiita Fundi, basi. Na kwa kuwa mafundi ni wengi, akaongeza Tabora. Mimi nilipoanza nikajiita Binti Fundi, na hata sasa, nikiwa na wajukuu, wako wanaonijua kwa jina hilo tu.

Ujumbe ndio uliomtofautisha hodari na mwanafunzi. Wengi walitumia methali zilizozoeleka, na mtangazaji aliweza kusoma ileile mara kadhaa katika jioni moja. Hodari walitunga. Kanga ilikuwa mwalimu wao, kwa sababu maandishi ya kanga hufanya kazi hiyohiyo: maneno machache, mlengwa hatajwi, na mlengwa anajua. Baba alipenda kutafuta ujumbe kwenye kazi yake. Kuna mwaka mtu wa Kisarawe, Mzaramo, alimchokoza kwa utani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na utani ule wa kutukanana bila kukasirikiana ulifaa mno kwa redio. Baba alimjibu: "Nguo ya mtani haipimwi, hukatwa kwa kukisia." Yule akajibu, baba akajibu, na kati ya jibu na jibu yalipita majuma, lakini mtaa mzima ulikumbuka mahali mazungumzo yalipoachwa. Nyingine ninayoikumbuka aliituma alipokuwa na huzuni ambayo hakutueleza: "Sindano haina sauti, na jora linaitii."

Vipindi vilikuwa vya namna nyingi. Kulikuwa na salamu za mchana na za jioni, na Chaguo la Msikilizaji kwa wapenda nyimbo. Kulikuwa na Ugua Pole, kipindi cha wagonjwa, ambacho mama yangu, asiyejali mengine yote, hakukikosa. Alisema salamu nyingine ni za kujionyesha, ila anayemsalimu mgonjwa anafanya ibada. Sikukubaliana naye kuhusu hizo nyingine, lakini alikuwa na hoja. Wako waliotuma ili wasikike tu, wakiorodhesha viongozi na wachezaji mpira wasiowajua. Wenyewe kwa wenyewe tuliwatambua mara moja: mtu ambaye hakuna anayemjibu.

Kwa wanawake mambo hayakuwa mepesi. Mume akisikia jina la mkewe limetamkwa redioni na mwanamume wa Mtwara, ataelezwaje kwamba hawa hawajawahi kuonana na kwamba kilichowaunganisha ni kupenda methali? Ndoa zilitikisika. Wanawake wakabuni kinga zao. Wengine walituma kwa jina la mtoto wa kwanza, mama fulani. Wengine waliweka jina la mume juu na lao chini. Wengine walisalimu wanawake watupu, na hivyo ndivyo nilivyofanya mimi miaka ya mwanzo; nikapata shoga wa Singida, muuza vitumbua, ambaye tuliandikiana barua za kurasa nyingi kabla ya kujua sura zetu. Naiona kazi ya wanawake hao kuwa ya ujasiri. Wanaume walihatarisha stempu tu.

Kutoka kwenye kadi watu waliingia kwenye barua, na kutoka kwenye barua wakaingia kwenye nyumba za wenzao. Hapa reli ya kati ilitusaidia kuliko miji mingine. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914, na hapa kwetu ndipo njia ya Mwanza inapoachana na ile ya Kigoma. Treni ilisimama muda mrefu, mabehewa yakitenganishwa na kuunganishwa, abiria wakishuka kununua asali na maembe. Mtuma salamu anayesafiri kutoka Dar es Salaam au Dodoma kwenda Kigoma aliandika mapema: nitapita siku fulani. Baba alikwenda stesheni na utepe wake wa kupimia umening'inia shingoni, ndiyo iwe alama. Nilifuatana naye mara nyingi. Nilimwona akikumbatiana na kuli wa bandari, mwalimu, na mama mmoja muuza dagaa, watu ambao sauti zao alikuwa hazijui kamwe, kwa sababu redioni majina yao yalisomwa na mtangazaji. Mazungumzo yalianza katikati, bila kuulizana habari za mwanzo, kwa kuwa hizo zilikwisha kuandikwa. Kengele ikigongwa, kila mmoja alikuwa ameshampa mwenzake kitu: chupa ya asali, mkebe wa chai, kitambaa.

Mmoja wa wateja wa baba alitoka Ulyankulu, makazi ya wakimbizi wa Burundi waliokuja baada ya mauaji ya mwaka 1972. Alikuwa seremala, na alisema Kiswahili kwa uangalifu, neno moja moja. Hakuipenda redio kwa ajili ya nyimbo. Alinunua kadi, akaniomba nimwandikie, na mistari yote akaijaza majina ya watu wa kilima kimoja cha kwao. Hakujua kama wako hai. Ujumbe wake haukubadilika: alitaja mahali alipo, na kwamba anachonga mbao. Baada ya kadi nyingi ilikuja barua kutoka upande wa Kigoma, haikuandikwa na ndugu, iliandikwa na jirani aliyesikia jina la kilima. Aliileta bandani ili nimsomee. Tangu siku hiyo sijaweza kumvumilia anayesema salamu za redio zilikuwa upuuzi.

Kwa waliozama kabisa, masafa mafupi yalifungua mlango mwingine. Mchana ulitafuta mita 16 au 19, jua likizama ukashuka hadi 31 na 49, na dunia nzima ilizungumza Kiswahili. Radio Cairo ilianza mwaka 1954. Radio Peking ilianza Septemba 1961, na Sauti ya Amerika mwaka 1962. Sauti ya Ujerumani, Deutsche Welle, ilianza mwaka 1963, na miaka miwili baadaye ikajenga mtambo wake wa kurushia matangazo pale Kigali. Moscow na Tokyo zilikuwapo pia. Zote zilitaka kujua kama zinasikika, na huku kwetu wasikilizaji walikuwa tayari kuzijulisha.

Ripoti ya msikilizaji ilikuwa na kanuni yake, na kujifunza kanuni hiyo kulinipa raha ambayo sijui niifananishe na nini. Uliandika tarehe, saa kwa majira ya Greenwich, urefu wa wimbi, kisha tarakimu tano, kila moja kati ya 1 na 5: nguvu ya mawimbi, kuingiliwa na vituo vingine, makelele ya angani, kupwaya kwa sauti, na mwisho hali kwa jumla. Nne nne tatu nne nne ilikuwa jioni njema. Ukaongeza maelezo ya kilichotangazwa, ili kuthibitisha kwamba kweli ulisikiliza. Kituo kikijibu, kilikuletea kadi ya uthibitisho, yenye picha ya mtambo, mnara au mji. Peking ilikuwa karimu kuliko zote: kalenda, picha, beji. Nilipata kadi ya kwanza kutoka Deutsche Welle ya Köln na kuipeleka bandani, ikazunguka mikono yote kabla ya kurudi kwangu. Wasikilizaji wakaunda klabu, wakakutana, wakalinganisha ripoti zao: kwa nini Urambo inasikika vizuri saa mbili usiku na Nzega hakuna kitu? Tulijifunza habari za tabaka za anga zinazorudisha mawimbi ardhini kwa kubishana tu, na kwa kuandika barua vituoni kuuliza.

Kenya walikuwa na watumaji wao, mahodari wa kweli, na Sauti ya Kenya ilisikika kwetu vizuri usiku. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 mpaka ulifungwa, ukafunguliwa Novemba 1983. Katika muda huo mtu wa Arusha hakuweza kuvuka Namanga kumzika shangazi yake, lakini jina la Mkenya aliyesoma Tabora zamani lilifika bandani kwa baba likiwa zima. Serikali zilikuwa zimegombana na mawimbi hayakuambiwa.

Kisha ikaja miaka ya ukosefu, baada ya vita vya Kagera. Sabuni haikuwapo, kitambaa hakikuwapo, na mawe ya redio, yaani betri, yakawa kitu cha kufichwa. Mawe yaliyokufa tuliyaanika juani juu ya bati, yakapata uhai wa nusu saa, na nusu saa hiyo ilitunzwa kwa ajili ya taarifa ya habari na salamu. Muziki ulizimwa. Baba alizima redio hata katikati ya wimbo wa Mbaraka Mwinshehe, akaangalia saa yake ya mkono, akaiwasha tena kadi zikianza. Kadi zenyewe zilikuwa adimu, watu wakaandika kwenye vipande vya boksi, na posta zikafika.

Mabadiliko yalikuja kwa pamoja. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 iliruhusu redio binafsi, na mwaka 1994 Radio One ikaingia hewani. Mwaka huohuo Shirika la Posta na Simu liligawanywa, posta huku na simu kule, na hakuna aliyefikiri wakati ule kwamba mgawanyo huo ungetuhusu sisi. Baada ya miaka michache simu za mkononi zilifika, na redio mpya zikaanza kupokea salamu kwa ujumbe mfupi. Kilichokuwa kikichukua majuma kikachukua dakika moja. Wengi wa rika langu wanayaomboleza mabadiliko hayo, lakini mimi siombolezi sana. Vijana wanaotuma salamu kwa simu wana majina yao ya utani, wana vikundi vyao, wanachangiana harusi na misiba, na mwenzao akifa jina lake linasomwa hewani kwa wiki nzima kama lilivyosomwa la baba yangu. Kilichopungua ni uzito wa kuchagua. Nafasi ilipokuwa ya majina machache, na stempu ikiwa bei ya andazi la mtoto, kumtaja mtu kulikuwa na gharama, naye aliyetajwa aliijua gharama hiyo.

Masafa mafupi nayo yamenyamaza sehemu kubwa. BBC ilifunga mitambo yake ya Shelisheli mwaka 2014, Deutsche Welle ikafunga ule wa Kigali mwaka 2015. Matangazo yao ya Kiswahili yanaendelea kwa njia nyingine, na tunayasikiliza, bila tarakimu tano.

Kinachonisumbua ni kumbukumbu. Kanda za nyimbo za Radio Tanzania zimepiganiwa, na ni haki zipiganiwe. Kadi hazikupiganiwa na mtu. Kadi iliyokwisha kusomwa haikuwa na kazi tena, na yaliyobaki yako kwa watumaji wenyewe: kadi tupu zilizosahauliwa ndani ya misahafu na vitabu vya nyimbo, barua, picha za stesheni, madaftari. La baba ninalo. Wino wake umefifia hapa na pale, na watoto wangu hawawezi kulisoma kwa kuwa hawakufundishwa Kiswahili cha hati ile, basi ninalinukuu kwa herufi za Kirumi, ukurasa kwa ukurasa, jina, mji, tarehe na ujumbe. Tumebaki watumaji wachache wa zamani hapa Tabora, Urambo na Nzega. Tunakutana nyumbani kwangu, kila mmoja na mfuko wake, na kazi kubwa ni kutambua majina ya salamu yalikuwa ya nani hasa. Mwashi mmoja wa Igunga tumemjua mwezi uliopita kwa kupatanisha barua ya kwangu na kadi ya mwenzangu. Yule Mzaramo wa Kisarawe bado. Daftari lina jina lake la utani tu na sanduku la posta, na mwanamke mmoja wa kikundi chetu, ambaye mwanawe anafanya kazi Dar es Salaam, amechukua namba ya sanduku hilo aende nayo.